Babu, Nimempakia Bibi Mpaka Mwisho wa Njia

Kamwene, Babu. Shikamoo, mume wangu.

Najua huko uliko umeshaanza kuuliza, kwa hiyo sikuzungushi: njia ya mtoni imefunguliwa! Ile ile uliyokuwa ukishuka Ipogolo kila asubuhi kuwasimamia mafundi wake, utadhani ni wewe uliyewaajiri. Imewekwa pevingi, vile vitofali vya saruji, mwanzo mwisho, Ruaha Mdogo uko hapo pembeni unapiga kelele kwenye mawe, na ni baiskeli tu na waenda kwa miguu, hakuna bodaboda ya kukutoa roho. Babu, ni nzuri! Nimeipita jana.

Ngoja nikueleze vizuri. Jana ndugu walikusanyika nyumbani kugawa vitu vyako. Koti, majembe, redio, yote yalikwenda kwa amani mpaka ikafika zamu ya baiskeli. Baba Mdogo alikuwa ameshashika usukani hata kabla ya sala. Akasema anaipeleka Kilolo ikabebe viazi, na kwamba baiskeli ya mwanaume hairithiwi na mtoto wa kike. Mimi nilikuwa jikoni, chozi likanitoka hapo hapo. Baiskeli uliyonifundishia wewe, nikiwa hata kiti sikifikii, nimepenyeza mguu chini ya bomba na kupinda upande mmoja! Iende Kilolo ikapigwe mvua na magunia?

Hapo ndipo Bibi alipoinuka. Tangu tukuzike, Babu, Bibi hajatoka getini ila kwenda kanisani. Chakula anakigusagusa tu, ukimsemesha anaitikia kwa kichwa. Jana akasimama na nguo zake nyeusi, akasema, "Mzee aliniahidi njia ikifunguliwa atanipakia mimi wa kwanza. Basi atakayenifikisha mwisho wa njia na kunirudisha bila kukanyaga chini, baiskeli ni yake." Nani angembishia?

Akaanza Baba Mdogo. Lo, ungecheka! Bibi kakaa upande kwenye keria, mkoba mapajani, na ukoo mzima tunakimbia nyuma kama tunasindikiza bibi harusi. Kwenye kona ile inayopandisha, Baba Mdogo akaanza kuhema, akayumba, akayumba tena, akashusha mguu. Bibi akateremka, akajipangusa vumbi, akanitazama mimi.

"Mke mwenzangu, njoo."

Mke mwenzangu! Hajaniita hivyo tangu ulipoondoka. Nikakaza kitenge juu ya suruali, nikapanda, na Baba Mdogo huku anapiga kelele kwamba nitamtumbukiza mama yake mtoni. Na kweli nusura. Baada ya ile kona njia inabana na mto uko chini yako kabisa. Nikayaangalia maji, usukani nao ukaanza kwenda huko huko. Mara nikasikia mgongoni, "Shimo ukilitazama utaliingia! Tazama mbele!" Maneno yako, Babu, na ukali wako ule ule. Kumbe miaka ile yote ukinifundisha uani, Bibi alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

Nikainua macho nikakanyaga. Ikaja tambarare, upepo usoni, na Bibi ananipiga mgongoni kwa mkoba, "Ongeza! Ongeza, mke mwenzangu!" Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja na sikuwa na mkono wa kujifuta. Nilitamani ungekuwepo utuone.

Njia inaishia pale chini ya makaburi ulikolala. Nilipokuwa nageuza Bibi akatazama juu, akasema taratibu, "Nimefika, mzee." Tukarudi, na mguu wangu haukugusa chini hata kidogo. Baba Mdogo mwenyewe alinipigia makofi, akasema basi, viazi atatafuta punda.

Tulipokaribia nyumbani nikapiga kengele mara mbili, kama ulivyokuwa ukipiga wewe ili Bibi abandike maji ya ugali. Wallahi mkono ulikwenda wenyewe. Nikaogopa, nikajua nimemtonesha. Kisha keria ikaanza kutikisika. Bibi anacheka!

"Sasa unampigia nani, na mimi niko huku nyuma?"

Jana usiku alikula ugali, akamaliza, akaomba ukoko.

Pumzika, mume wangu. Cheni nitaipaka mafuta, tairi nitazijaza upepo, na kila Jumamosi nitampakia Bibi mpaka mwisho wa njia, hilo nakuahidi. Ukisikia kengele mara mbili hapo chini mtoni, usiinuke. Ni sisi wake zako tunapita.

Mkeo mdogo,
Tumaini