Yaya, Nilipima Jumapili

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa,

Tangu uhamie Kolwezi hupokei simu zangu. Ningeweza kukutumia barua hii kwa mtu, lakini nilikuaibisha mbele ya watu. Siwezi kukuomba msamaha chumbani. Basi iwe barua ya wazi, na waisome wote.

Unakumbuka tulivyoanza pale Bel-Air, na ile kompyuta kuukuu uliyoifanya igawe intaneti kwa mtaa mzima? Antena juu ya bati, nyaya hadi kwenye maghala ya Kampemba, na wewe umekunja suruali kama mtu anayekwenda shambani. Ulinifundisha sheria moja: kazi inayolazimu kukata mtandao hufanywa Jumapili saa za misa, maana hapo hakuna wa kulalamika. Tulicheka kwamba mbinguni tutaingilia mlango wa nyuma. Nilikupenda sana siku zile, yaya, na sikukuambia.

Kisha likatoka toleo jipya la mfumo endeshi wa ile kompyuta. Mimi nililitaka, wewe hukulitaka.

"Ile ya zamani iko inatumika muzuri, juu ya nini unaigusa?"

"Bantu bote bamebadirisha, yaya. Siye tunabakia nyuma."

"Basi tupime kwanza."

Nikapima. La zamani nililipima Alhamisi, siku ya oda, maghala yote yakitumia mtandao. Jipya nikalipima Jumapili, kama ulivyonizoesha. Lilipitisha data kwa kasi ya ajabu, nami nikarukaruka kwa furaha. Uliitazama karatasi yangu, ukasema tu, "Rudilia lundi, petit." Nikadhani ni wivu tu, mkubwa kumtaka mdogo wake arudie kupima Jumatatu.

Nikaliweka hivyo hivyo. Jumatatu mtandao ukalegea, simu zikakatika watu wakiwa katikati ya maneno. Wateja walijaa uani. Mama Furaha, yule anayeuza maharagwe ya Kivu kwa jumla, akauliza ni nani kati yetu mwenye kosa. Nikakunyooshea kidole. Nikasema umevuruga mipangilio kusudi ili nishindwe. Uliweka funguo mezani, ukatoka.

Wiki hii ndipo nimefanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: mashine mbili zinazofanana, toleo hili huku, lile kule, siku moja ya kazi, mzigo uleule. Jipya linapoteza data watu wanapokuwa wengi. Halipatani na kadi zetu za zamani za mtandao. Jumapili ile lilikimbia kwa sababu mtaa mzima ulikuwa kanisani.

Nimerudisha toleo lako. Leo asubuhi nimewaita wateja palepale uani, nikawaambia kwamba hukuharibu kitu, kwamba kosa ni langu na nilikusingizia. Nilingoja wanizomee. Badala yake Mama Furaha akasogea mbele.

"Kabla ya kwenda Kolwezi, yaya wako alipita ku depo yangu," akasema. "Alinilomba nisiache mutandao yako. Alisema, 'Muvumilie petit, atajua tu.'"

Nimekaa chini nikalia mbele yao wote, wala sikujali.

Jumamosi napanda basi la Kolwezi. Ukinifungia mlango, nitajua nimefungiwa na mwenye haki, na nitakaa hapo nje.

Mdogo wako, uliyemtetea akikuchafua