Uvimbe Niliokataa Kuugusa

Kisangani, majira ya mvua

Yaya Masika,

Nakusalimu kwa heshima, dada yangu mkubwa uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Mguu wa papa, baba yetu, unaendeleaje na baridi ya Butembo? Watoto wanakohoa bado? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayaona mbele. Mfanyabiashara anayekuja huku na ndege ya maharagwe amekubali kukufikishia karatasi hii mkononi. Usimwache aondoke bila jibu.

Mji umetulia wiki mbili sasa. Wanajeshi wa kambi ya Kapalata wapo, lakini mabomu yamenyamaza, na mitumbwi inaruhusiwa kuvuka mto kwenda Lubunga hadi alasiri. Chumba changu cha tiba kina tundu kwenye paa. Dawa ya sindano ya saratani ya mbwa, ile niliyoisomea miaka yote, imekwisha tangu njia zifungwe. Nimebaki na kisu, uzi na vidole. Watu wananicheka: binadamu wanakufa, na docteur anakata uvimbe wa mbwa! Siwalaumu. Ila naipenda kazi hii, siwezi kukudanganya.

Unakumbuka nilivyokuwa najisifu? Mwalimu wetu alituonya kwamba anayetibu saratani kila siku atavunjika asipojifunza kuitundika kazi msumarini pamoja na koti jeupe. Nikaishika kama amri. Saa kumi nafunga, Jumapili naimba kwaya, likizo nakuja nyumbani, na mezani hakuna kuongea ugonjwa. Mkaniona mtu aliyejua kupanga maisha yake.

Sasa nikuambie nililokuficha. Likizo ile ya mwisho kabla ya vita, mama alinikuta nyuma ya jiko. Alikuwa ameshika majani ya sombe mkononi, haniangalii usoni. "Kambale, niko na kitu kidogo huku kwa titi. Haiumake."

Yaya, vidole hivi vimepapasa matiti ya mbwa wangapi! Najua vizuri kwamba uvimbe usiouma ndio wa kuogopa. Nilicheka. Nikamjibu, "Mama, niko likizo, usiniletee magonjwa." Naye akacheka, akakaza kitenge chake, akarudi kwenye sombe. Haikuwa amri ya mwalimu, ilikuwa aibu. Kwetu mtoto wa kiume haangalii titi la mama yake, nami nikajificha nyuma ya mapumziko yangu. Ningeweza hata kukuita wewe umwangalie. Sikukuita. Ulipoandika kwamba uvimbe wa mama umepasuka kuwa kidonda, vita vilikuwa vimeshafunga njia, na mkamzika bila mimi.

Jumanne nilivuka Lubunga kwa Mama Albertine, mjane anayeuza samaki wa wavuvi Wagenia. Mbwa wake jike alikuwa na uvimbe titini, mdogo kama punje ya haragwe. Nikautoa mzima. Nikamuuliza aliuonaje mapema hivyo.

"Docteur, namupapasaka kila siku akilala hapa kwa miguu yangu. Mutu akikupenda anakugusa. Bon, ni vile tu."

Nilikaa kwenye mkeka wake nikalia. Akadhani ni njaa, akaniletea chikwange, mkate wa muhogo. Nikaila hivyo hivyo, machozi yanatiririka. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi sikumganga hata aliyenizaa.

Tangu siku hiyo nafunga saa kumi kama kawaida, lakini nikifika nyumbani kazi nimekuja nayo. Ninakuwaza wewe. Nyanya, mama yake mama, naye alikufa na kidonda cha titi, tukasema karogwa. Kaka hamwandikii dada yake mambo haya. Nisamehe, sina likizo tena. Funga mlango, lala chali, weka mkono mmoja nyuma ya kichwa. Kwa vidole vitatu vya mkono wa pili papasa polepole, uzunguke titi lote mpaka kwapani. Kisha la pili. Ukikuta kitu, hata kidogo, hata kisichouma, panda ndege hiyo hiyo ya maharagwe uje. Nitakupeleka hospitali mwenyewe.

Nisalimie papa, shemeji yangu fundi viatu, shangazi aliyeongoza maombi ya mazishi, na binti yako mkubwa. Akikua, mfundishe naye.

Ukinijibu, salamu ziache mwisho. Anza na ulichokikuta.

Mdogo wako,
Kambale