Majibu Yangu Nisome Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Vipindi vinne. Koo limekauka. Nimeketi katika chumba cha walimu hapa shuleni Kaaga, nikafungua tena tovuti ya hospitali niliyopimwa Embu. Sauti ya simu inanisomea: "Picha. Kitufe. Kitufe." Basi. Majibu ya uvimbe wa titi langu yamo ndani ya hiyo picha, na simu haiwezi kuisoma. Miaka tisa bila macho. Nimechoka na neno "picha".

Jumanne, 4 Machi
Nimewapigia hospitali. Wanasema nitafute mtu anisomee.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshindwa kungoja. Nimempa simu wifi yangu Kagendo. Akasoma. Kisha, "Wacha kwanza niongee na Mutwiri." Mutwiri ni kaka yangu, mumewe. Wakanong'ona kwa Kimeru sebuleni, mimi nimesimama jikoni kama mtoto.
Kansa. Nimekuwa wa tatu kujua. Hasira imezidi hofu.

Ijumaa, 14 Machi
Embu. Nimepewa siku ya upasuaji. Kabla ya kuondoka nikaulizia anayeshughulikia tovuti. Anaitwa Ireri, mtu mzima, ana mafua.
"Mwalimu, hakuna mtu ameshawahi kulalamika."
"Watalalamikia wapi? Hata kitufe cha malalamiko hakina jina."
Nikamwambia azime skrini, ayatafute majibu yangu kwa masikio. Alihangaika muda mrefu. Hakufika.
"Aki pole, Mwalimu," akasema.
Pole nimezisikia nyingi.

Jumamosi, 29 Machi
Upasuaji umepita. Naandika kwa mkono wa kushoto, polepole; wa kulia bado unauma. Ireri amenitumia ukurasa wa kujaribu. Vitufe sasa vina majina, majibu bado ni picha. Nimemrudishia. Akatuma tena: maandishi yapo, lakini yanasomeka kuanzia mwisho. Nimemrudishia. Maumivu, na bado nafundisha watu.

Jumanne, 8 Aprili
Majibu ya pili, ya baada ya upasuaji, yameingia asubuhi kwenye ukurasa aliorekebisha Ireri. Kagendo akasema, "Leta nikusomee."
"Hapana. Nitawaambia."
Nikaenda kuketi nje, mlango wa nyuma. Sauti ikasoma jina langu, umri wangu, kisha mstari kwa mstari. Uvimbe wote umetoka. Tezi mbili za kwapani zina kansa. Dawa za kansa zitafuata.
Nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena mahali pa tezi. Nililia kidogo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaa hapo mpaka jua likafika miguuni, ndipo nikaingia kuwaambia.