Kiti cha Baba Kilichokwama Bandarini

Kolovai,
Tongatapu,
TONGA.
9 Agosti 2018.

Mpendwa mdogo wangu Pauliasi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kwanza niambie, kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Auckland? Vaa ile sweta niliyokufumia, hata wenzako kazini wakiicheka. Huku sisi ni wazima. Mama mkubwa Lavinia analalamikia magoti, lakini Jumapili alikuwa wa kwanza kuingia kanisani na wa mwisho kuondoka kwenye chakula, kwa hiyo usimwonee huruma.

Sasa nikupe habari za kile kiti cha magurudumu cha betri ulichomtumia baba. Kuvuka bahari haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kuvuka dirisha la ofisi ya forodha.

Walianza na risiti. Nikawaambia ni zawadi, na zawadi haina risiti. Basi, wakasema, leta karatasi ya kuthibitisha kuwa ni zawadi. Ukaituma, Mungu akubariki. Nilipoifikisha wakaanza habari ya udongo kwenye matairi, maana kiti kilishatumika hospitalini, na udongo wa nje hauingii nchini hivi hivi. Nikamtafuta bwana wa mimea na wadudu, yuko mazishini. Aliporudi, maskini, aliyasugua matairi kwa mkono wake mwenyewe na kusaini. Kumbe karatasi ya zawadi nayo imepitwa na tarehe! Tukaanza upya.

Mwisho wakataka daktari aandike kwamba mwenye kiti hawezi kutembea. Dirishani alikuwapo Semisi, yule mliyeimba naye kwaya. Nikamwambia, "Semisi, ulikuja kutuombea baba alipokatwa mguu. Magimbi yetu uliyala."

Akainamisha macho. "Mimi najua, dada. Kompyuta ndiyo haijui."

Na daktari kila nikienda yuko chumba cha upasuaji, au yuko kisiwa kingine.

Sikukueleza wakati ule, kwa kuwa sikutaka usilale. Baba alikuwa ameugeukia ukuta. Chakula anaonja tu. Aliacha hata kuuliza habari za viazi vikuu vyake shambani, na wewe unajua baba na viazi vyake. Hilo lilinitisha kuliko ule ugonjwa wa sukari.

Wiki iliyopita nikarudi tena mikono mitupu, nikamwambia wamesema nirudi Jumatatu. Akasema, "Nifunge taʻovala."

Nikadhani akili imemruka. Nikamuuliza anajifunga mkeka wa heshima kiunoni kwenda kanisa gani siku ya Jumatano.

"Nani kasema kanisa? Nipeleke kwenye hilo dirisha."

Binamu yetu Fehoko akaleta pikapu yake. Tukambeba baba pamoja na lile sofa jekundu lililochanika mkono, tukalifunga kwa kamba nyuma ya gari. Pauliasi, ungeuona mji! Watu walisimama barabarani, na yeye akawapungia mkono kama anakagua gwaride.

Ofisini tukamweka mbele kabisa ya dirisha. Foleni ikakatika. Baba akapandisha shuka, akaufunua ule mguu ulioishia gotini.

"Semisi, mwanangu, tafuta muhuri wako. Piga hapa."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Semisi akabaki ameshika muhuri, jasho linamtoka. Mkuu wake, Bi Ilaisaane, akatoka ndani. "Mzee Soakai, utaratibu ni utaratibu."

"Sijaja kuuvunja, mwanangu. Nimekuja kuusubiri. Mguu ukiota nitaondoka mwenyewe."

Tukasubiri. Nikafungua chakula, nikawagawia waliokuwa foleni. Wengine nao wakaanza kutoa yao ya moyoni, huyu mashine yake ya kushonea, yule vioo vya madirisha, na hakuna aliyetaka tena kwenda nyumbani. Ilipofika saa ya kufunga na mlango haufungiki, Bi Ilaisaane akachukua simu, akampigia daktari. Akampata papo hapo. Daktari akaandika barua, akaituma, ikaingia kwenye hiyo kompyuta isiyojua kitu.

Simu moja tu! Nikawauliza kwa sauti ya chini, "Hii simu siku ya kwanza haikuwapo?"

Kiti kikatolewa, bila betri. Betri, wakasema, ni mzigo wa hatari, zina karatasi zake. Baba akauliza, "Magurudumu yapo?" Yapo. "Basi kitaenda." Fehoko akamsukuma hadi nje ya geti, na Semisi akaacha dirisha lake akaja kumshikilia mlango.

Kesho yake nikamsukuma hadi shambani, jasho tupu. Akaangalia matuta, akasonya. "Nani kapanda hivi? Mlevi?"

Nilipanda mimi. Nikamwambia, "Shuka basi upande mwenyewe!" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniagiza nibomoe tuta la kwanza nianze upya. Nimelibomoa. Sijawahi kufurahia kutukanwa namna ile.

Nisalimie wifi yangu Sulieti na watoto, na shangazi Ane ukienda kwake. Fehoko anakusalimu, anadai umnunulie kamba mpya. Baba naye anakusalimu, na anasema usitume betri nyingine, wala usimtafute mtu wa kutupitishia mlango wa nyuma. Hizo betri ni zetu, na zitatoka kwa mlango wa mbele. Tunakwenda Jumatatu. Lile sofa limeshapakiwa.

Mungu akufunike, mdogo wangu, na akurudishe kwetu salama.

Mimi dada yako nikupendaye, wala sijachoka,

Kalolaine