Madebe Mawili ya Mafuta kwa Baridi ya Newala

Wifi yangu mpenzi Mama Agnesi,

Salamu kutoka huku mlimani, ukungu unaingia mpaka chumbani bila hodi. Esta kajifungua salama, mtoto wa kiume, ashukuriwe Mungu.

Unakumbuka tulivyokadiria mafuta ya jiko? Chupa moja kwa siku ya kuchemsha maji ya kumkanda mzazi, tukazidisha mara mbili kwa ajili ya baridi. Basi nilifika na madebe mawili, nimejaa majivuno, Mungu anisamehe. Nikawasha jiko, nikaomba maji. Mama mkwe wa Esta akaniletea kata moja.

"Moto tunao, Mama Esta, kuni zimejaa nyuma ya nyumba. Maji ndiyo yako bondeni."

Nikateremka genge na wanawake wenzangu, mtungi kichwani. Wakati wa kupanda maji yakanimwagikia mgongoni, nao wakacheka: "Mama Esta kaanza kujikanda mwenyewe!"

Yaliyobaki yalimtosha Esta mgongo na tumbo, akalala usingizi mtamu. Jiko lilinguruma kidogo tu, likazimwa. Kesho nashuka tena.

Wasalimie watoto wote, na uniombee magoti, wifi. Mafuta yatatufikisha Krismasi.

Wifi yako akupendaye,
Mama Esta