Sambusa za Maniben

Jumapili, saa nne asubuhi, Agosti 1947. Manyunyu. Shimba, kaa chini kwanza.

Katekista amemzuia Chenge mlangoni mwa kanisa, asimsimamie ubatizo mtoto wa dada yake Getruda. Mbele ya watu wote!

"Wewe msomi, Ijumaa ulikula sambusa za nyama kwa Maniben. Nilikuona."

Chenge! Yule anayechekwa chuoni Kampala kila Ijumaa, siku ambayo Mkatoliki hali nyama, kwa kusukuma kando sahani ya nyama!

"Za nyama?" Chenge aliuliza. "Kwa Maniben?"

"Za nyama. Nilikuona."

Kwa Maniben, Shimba! Mama wa Kihindu ambaye jikoni kwake hata yai haliingii. Mkuyuni nzima inajua.

"Mwalimu, zilikuwa za viazi," Chenge akasema. "Kwa yule mama kila siku ni Ijumaa."

Watu walicheka. Chenge hakucheka.

Katekista aliondoka mlangoni bila kuomba radhi. Getruda alifuta machozi, akampa kaka yake mtoto. Chenge alimshika, akajibu maswali yote ya padri kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Maniben, asiyejua lolote, alikuwa nyumbani akimenya viazi.