Maji Niliyommwagia Twiga wa Kolo

Jumamosi jioni, Nkuhungu

Hakunilaumu hata kidogo. Hicho ndicho kinachoniuma.

Leo Neema wangu, anayesomea mambo ya kale pale chuo kikuu, Chimwaga, alinichukua pamoja na wanafunzi wenzake na mwalimu wao kwenda Kolo kuona michoro ya mapangoni. Njia nzima nilijisifu: "Mimi darasa la saba tu, lakini huyu nimemzaa mwenyewe." Wakaniita Mama Profesa. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Neema alieleza michoro vizuri mpaka mzee anayeongoza wageni akakaa kimya kumsikiliza. Nikataka picha ya kuwarushia akina mama wa kwaya. Lakini twiga mwekundu aliyechorwa mwambani alikuwa amefifia. Wenzangu walipotangulia nikammwagia maji ya chupa. Rangi ikawaka, nikapiga picha.

Mzee aliporudi na wengine akakuta jiwe linachuruzika. "Nani kamwaga maji hapa? Mnaufuta mchoro, jamani."

Nikaificha chupa tupu nyuma yangu, Neema akaiona.

"Ni mimi, mzee. Naomba unisamehe," Neema akasema.

Mwalimu wake akamtazama. "Wewe, Neema? Na mimi nilitaka kukupendekeza upate kazi hapa."

Nami nikanyamaza. Mimi, niliyewachosha watu wote kwa kusema ni mwanangu.

Kwenye gari aliniuliza tu, "Mama, umechoka?"

Nimeifuta ile picha. Mwalimu nimempigia, hajapokea. Nitapiga tena kabla sijalala, maana najijua, kesho nitapata sababu ya
kutopiga.